Kinyumenyume hadi Ruzizi

Mvuta makasia huketi kinyume:
mgongo hutangulia,
macho hubaki na kilichopita.
Ndivyo ninavyoijua Bukavu, kwa kuiacha.
Muhumba inarudi nyuma bati kwa bati,
Nguba inajikunja majini,
na ndege, karibu kila ndege,
namkuta amekwisha kuondoka.

Nsimire hukaa tezi, uso mbele,
daftari la shule magotini, jalada la mfuko wa saruji,
na jumeli yenye jicho moja zima.
"Mdiria, kushoto!"
Nageuka. Waya wa umeme unatikisika.
"Mdiria tena. Weye unachelewaka!"
Majini pana duara, ndani yake duara.
Kushoto kwake ni kulia kwangu;
kwa miaka miwili tumegombania hilo
kuliko tulivyogombania pesa.

Mashua yenyewe ni ya klabu iliyokufa kabla hatujazaliwa.
Tuliikuta nyuma ya ghala, kuku wametaga ndani,
tukala mayai kwanza,
ndipo tukayeyusha lami.

Saa kumi na mbili na robo.
Wavuvi wa sambaza wanarudi, taa bado zinawaka,
mitumbwi mitatu mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu,
na juu yao mwewe, saba, wanane,
wanafuata harufu.
Hao ni wangu. Hao wanaokuja nyuma
nawahesabu mimi, kwa sauti,
naye anaandika bila kuniuliza mara mbili.

Kisha maji yanaanza kuwa na nia.
Huoni mahali ziwa linapokoma;
unasikia tu kasia limekuwa jepesi,
kana kwamba mtu wa chini amelipokea.
Hapa chupa zote za Kadutu huja kufanya mkutano,
na zikizidi, jioni Kadutu wanakaa gizani.
"Yangeyange kumi na mmoja," nasema.
"Andika kumi. Yule wa mwisho ni sasheti."
Nilikuwa nimemwona akikunjua bawa.
Nilikuwa nimeanza kumpenda.

Ng'ambo ni Rwanda.
Mnandi amesimama juu ya jiwe la kule,
mabawa wazi kama shati kwenye kamba.
Anavua huku, anajianika kule,
hajawahi kupanga foleni ya jetoni.
Tumhesabu?
Nsimire ameandika: nusu.

"Nyie! Mnapima nini?"
Askari, kwenye ukingo wetu, buti moja haina kamba.
Nashika nyasi ili mkondo usituchukue.
Nsimire hamjibu. Anamnyoshea jumeli,
anamwonyesha mti ulioinama,
lundo la vijiti, matope, matambara,
hata ukanda wa kandambili umo.
"Jicho la kulia. La kushoto halina kitu."
Askari anafumba, anafumbua, ananyamaza.
Nyamazo refu. Bunduki inateleza begani, hairudishi.
"Ni fundichuma," anasema Nsimire, "kichwa kama nyundo."
"Kwetu hatugusaki nyumba yake," anasema.
"Ukiibomoa, yako inafuata."
Kisha, polepole, kama mtu anayesoma barua:
"Wako wawili."
Nsimire anaandika mbili,
na pembeni, safu ya aliyeona: *Kaplari Lobota*,
anamwuliza kama jina lina *o* mbili.

Kurudi ni kazi. Mkondo unadai chake.
Mgongo wangu sasa uko kwa mji,
mto wote uko usoni,
na Nsimire anatazama mbele, kwenye matete ya Nguba,
anatafuta kitu kilicholia mara moja.
Kule chini askari hajaondoka.
Amekuwa mdogo, mdogo kuliko kasia,
kiganja juu ya macho, uso mtini.
Halafu anatuelekea, anainua mkono,
anauinua tena, juu zaidi.
Vidole vitatu.

"Fundichuma," nasema, "andika watatu."
Kalamu inakwama, anaitemea mate,
anafuta mbili, anaandika tatu.
Hakugeuka kuangalia.